Je, ni vyema kumwacha mbwa wetu kwa wafungwa wa Purdy tukisafiri kwenda nyumbani?

BabaNeema_Tacoma ameuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi na familia yangu tunaishi Tacoma, katika jimbo la Washington, na Desemba hii tunatarajia kusafiri kwenda Kakamega kwa wazazi wetu, ambako tutakaa hadi baada ya mwaka mpya. Tuna mbwa mmoja jike mwenye damu ya German Shepherd, ambaye tulimchukua katika kituo cha mbwa waliotelekezwa. Ni mpole kwa watoto wetu, lakini mgeni akibisha hodi humrukia kifuani, na matembezini huvuta kamba kwa nguvu kiasi kwamba mke wangu hawezi kutoka naye peke yake. Tunatafuta mahali pa kumwacha ambapo atalishwa na kulazwa vizuri na, ikiwezekana, afunzwe adabu katika kipindi hicho hicho.

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyefuga mbwa maisha yake yote, alituambia kwamba ng'ambo ya daraja la Tacoma Narrows, katika gereza la wanawake lililoko Purdy karibu na mji wa Gig Harbor, kuna mpango uitwao Prison Pet Partnership. Kwa maelezo yake, wanawake waliofungwa huko huwafunza mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, na pia hupokea mbwa wa raia wa kawaida kwa malipo, wakawalaza, wakawaogesha, wakawachana manyoya na kuwakata kucha. Aliwahi kumwacha mbwa wake huko, na anasema alimpata akiwa msafi na ametulia kuliko alivyompeleka.

Mke wangu alishtuka kusikia neno gereza, nami sikushangaa, kwa kuwa sisi tuliolelewa kwetu tunalijua gereza kama mahali ambapo hata jina la ndugu yako aliyeko huko halitajwi mbele ya wageni. Baada ya kuzungumza kwa utulivu tumebaki na maswali matatu ambayo ninaomba mwenye ujuzi atusaidie. La kwanza ni usalama, wa mbwa na wetu pia, kwa sababu tutaacha anwani na nambari zetu za simu. La pili ni kama mafunzo ya gerezani hudumu mbwa akisharudi katika nyumba yenye watoto, televisheni na wageni wa kila Jumapili. La tatu, ambalo ndilo linaloninyima raha, ni la dhamiri. Mimi ni mtu mweusi ninayelea watoto weusi katika nchi ambayo magereza yake yamejaa watu wanaofanana nasi, na sijui kama ni halali kwangu kufaidika na jasho la mtu ambaye huenda hana uwezo wa kukataa kazi aliyopewa.

Dada_Kliniki amejibu:

Baba Neema, salaam kwako na kwa mama Neema, na poleni na maandalizi ya safari. Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika kliniki ya wanyama hapa hapa Washington, na tangu nianze nimekuwa nikiwahudumia mbwa waliotoka katika mikono ya wanawake wa Purdy, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya kwanza na kuwaachia wengine la tatu.

Inafaa kwanza ujue jambo hili lilivyoanza, kwa sababu asili yake inaeleza kwa nini limedumu. Gereza hilo, ambalo kwa jina rasmi ni Washington Corrections Center for Women, lilianza kazi hiyo mwaka 1981 kwa juhudi za mwanamke aliyeitwa Kathy Quinn, ambaye baadaye alikuwa mtawa wa Kidominiko na kujulikana kama Sista Pauline. Ujana wake aliupitia katika taasisi za kufungia watoto waliotoroka nyumbani, na kwa muda aliishi mitaani, na alisimulia mwenyewe kwamba kilichomrudishia hadhi ni kumpata mbwa mmoja wa aina ya German Shepherd aliyeitwa Joni. Alisaidiwa na Dakta Leo Bustad, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha tiba ya mifugo katika Washington State University, na ambaye naye alikuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu hawa wawili waliujua ufungwa kwa miili yao, na nadhani ndiyo maana hawakuuanzisha mpango huu kama burudani ya kupitishia wakati, bali kama kazi yenye viwango.

Mbwa wengi wanaofunzwa huko hutoka katika vituo vya mbwa waliotelekezwa, kama huyo wenu. Wachache tu ndio hufikia kiwango cha kumsaidia mtu mwenye ulemavu, yaani kufungua mlango kwa kuvuta kamba, kuokota funguo zilizoanguka au kumtahadharisha mwenye kifafa, na wale wasiofikia hapo hupewa familia za kawaida wakiwa wamekwisha kufunzwa adabu za nyumbani. Huduma ya kulaza na kuogesha mbwa wa raia iliongezwa ili mpango upate fedha za kujiendesha, na vilevile ili wanawake wajifunze kazi ambayo wataikuta sokoni siku watakapotoka.

Kuhusu usalama, mama Neema asiwe na hofu ya kupita kati ya vyumba vya wafungwa. Katika mipango ya aina hii mteja hukutana na wafanyakazi walioajiriwa, na kumbukumbu za wateja hushikwa nao. Waulizeni waziwazi ni nani atakayeona anwani yenu, na msione haya kuuliza. Wanaoruhusiwa kushika mbwa huchaguliwa kwa mwenendo wao wa muda mrefu, na mipango mingi haimpokei mtu aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto au mnyama. Mimi binafsi huhofia zaidi yale mabanda ya kibiashara ambamo kijana mmoja huachiwa mbwa wengi usiku kucha, au ambamo hakuna binadamu kabisa baada ya milango kufungwa jioni.

Sasa nije kwenye mafunzo, na hapa naomba msome kwa makini kwa sababu ndipo wengi huvunjika moyo. Kumlaza mbwa si kumfunza. Mbwa anayelazwa hulishwa, hutembezwa na kusafishwa, na kama wanaomhudumia ni watu waliofundishwa vizuri atarudi ametulia, lakini hiyo haimaanishi kwamba ameacha kuvuta kamba. Ulizeni kama mafunzo yanatolewa kwa mbwa wa wateja au yanahusu tu wale mbwa wao wa kusaidia watu. Huko Colorado, kwa mfano, kitengo cha kazi za magereza kilianzisha mwaka 2002 mpango unaopokea pia mbwa wa raia kwa wiki kadhaa za mafunzo, na mbwa hulala katika chumba cha mfungwa anayemfunza. Manufaa ya utaratibu huo ni muda. Mkufunzi wa mjini ana saa moja ya kukuuzia kila wiki, na katika saa hiyo mbwa humsikiliza, kisha hurudi kwako akavuta kamba siku sita. Mfungwa yuko na mbwa huyo huyo tangu asubuhi hadi taa zizimwe, na kila mlango wanaopita pamoja ni somo.

Hata hivyo mbwa hujifunza jambo pamoja na mahali alipolijifunzia na mtu aliyemfundisha. Akiweza kukaa chini kwa utulivu katika ukumbi wa gereza, hajajua bado kwamba sheria hiyo inahusu pia sebule yenu mjomba anapoingia na mfuko wa samaki. Kwa hiyo siku ya kumchukua ombeni somo la makabidhiano, mama Neema akiwepo, na mshike kamba wenyewe. Kwa kuvuta, kanuni ni kusimama palepale kamba inapokazika, na kuendelea kutembea inapolegea, bila kumvuta wala kumfokea. Kwa kurukia wageni, mgeni ageuze mgongo asimtazame, na kitafunio kitolewe tu miguu yote minne ikiwa sakafuni. Pelekeni pia karatasi yenye maneno ya amri mnayotumia nyumbani, kama ni "kaa" basi iandikwe "kaa", ili mbwa asirudi akiwa anaelewa amri ambazo bibi wa watoto hazitumii.

Mwisho, piga simu sasa, usisubiri Novemba, kwa kuwa nafasi za Desemba huisha mapema kila mahali. Uliza kama wanapokea mbwa katika tarehe zenu, kwa sababu huduma za gerezani husimama ghafla gereza likifungwa kwa dharura au likikosa askari wa kutosha, kama ilivyotokea sehemu nyingi wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020. Muwe na mtu wa akiba. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ya parvo (ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa) na ile ya kikohozi kinachoenea mabandani zikamilike angalau wiki mbili kabla, na cheti kiwe mkononi.

Wakili_Denver amejibu:

Ndugu Baba Neema, nimefurahi kwamba umeliuliza swali la tatu, kwa kuwa watu wengi huishia kwenye bei. Mimi ni mwanasheria. Nilisomea Dar es Salaam na sasa naishi Denver.

Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1865, yalikomesha utumwa na kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Kifungu hicho kidogo cha "isipokuwa" ndicho kilichowezesha majimbo ya kusini kuwakamata watu weusi waliokuwa wametoka utumwani kwa makosa kama uzururaji, kisha kuwakodisha kwa wenye mashamba, migodi na reli. Wasiwasi wako, kwa hiyo, una mizizi katika historia, na asikwambie mtu kwamba unajisumbua bure. Hapa Colorado wapiga kura walikifuta kifungu cha namna hiyo katika katiba ya jimbo mwaka 2018, Nebraska na Utah wakafuata mwaka 2020, na Nevada mwaka 2024, mwaka uleule ambao wapiga kura wa California walikataa. Kufuta maneno hakukumaliza mjadala, kwani mwaka 2022 wafungwa wa Colorado waliishtaki serikali ya jimbo wakidai kwamba bado wanaadhibiwa wanapokataa kufanya kazi.

Malipo ni madogo mno. Katika magereza ya serikali kuu, kazi za kawaida za ndani kama kupika na kufagia hulipwa kati ya senti 12 na senti 40 za dola kwa saa, na kila jimbo lina viwango vyake. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 103 kwamba mfungwa alipwe kwa haki, aweze kununua mahitaji yake, apeleke sehemu kwa familia na sehemu iwekwe akiba atakayokabidhiwa siku ya kutoka. Kanuni ya 97 inakataza mfungwa kutumikishwa kwa manufaa binafsi ya mtumishi wa gereza. Hivyo ndivyo vipimo ninavyovitumia mimi.

Pamoja na hayo yote, sikushauri ukatae. Kazi ya mbwa ina tofauti na kufua mashuka au kutengeneza vibao vya namba za magari. Kwanza huombwa, wafungwa hushindania nafasi hizo, na ingawa kuchagua ukiwa ndani ya kuta si sawa na kuchagua ukiwa huru, tofauti kati ya kuomba na kuamrishwa bado ni kubwa. Pili, na hili ndilo linaloniridhisha zaidi, ni kazi ambayo mlango wake wa nje uko wazi. Kazi nyingi Marekani huhitaji leseni ya jimbo, na mtu mwenye rekodi ya jinai huzuiwa kuipata hata kama alifundishwa kazi hiyo gerezani. Mnakumbuka habari za wafungwa wa California waliozima moto wa misitu kwa miaka mingi huku wakijua kwamba wakitoka hawataajiriwa katika vikosi vingi vya zimamoto, hadi sheria ya mwaka 2020 ilipowafungulia njia ya kufutiwa rekodi. Kuogesha na kufunza mbwa hakuhitaji leseni ya namna hiyo. Mwanamke akitoka Purdy akiwa na cheti na ujuzi, anaweza kuajiriwa au kufungua biashara yake bila kusimama mbele ya bodi inayomhukumu mara ya pili.

Kwa hiyo uliza mambo haya: fedha unazolipa zinakwenda kwa nani, wanawake wanalipwa kwa utaratibu gani, wanapewa cheti kinachotambuliwa na waajiri wa nje au wanapewa asante tu, na mwanamke akisema leo hawezi kufanya kazi, anapoteza nini. Shirika linalojiheshimu litakujibu bila kukasirika. Ukijibiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, hasa katika swali la mwisho, utakuwa umepata jibu lako.

BabaNeema_Tacoma amejibu:

Dada na ndugu wakili, nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote mawili, na hofu yake ya kwanza imepungua. Sasa anauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria: mwanamke aliyemlea mbwa wetu kwa wiki kadhaa, akamzoea na kulala naye chumba kimoja, anajisikiaje siku tunapomchukua? Anahofia kwamba tutakuwa tumempa mtu faraja kisha tumemnyang'anya.

MamaAisha_Worcester amejibu:

Mama Neema ameuliza kama mwanamke mwenye moyo, nami naomba kumjibu yeye moja kwa moja.

Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Tanga na naishi Massachusetts, ambako NEADS, shirika linaloandaa mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, limekuwa likiwapeleka mbwa wachanga magerezani tangu mwaka 1998. Siku za kazi mbwa huishi na mfungwa, na mwisho wa wiki huchukuliwa na watu wa kujitolea kama mimi, kwa sababu gereza, hata liwe zuri namna gani, halina vitu ambavyo mbwa wa kumsaidia mlemavu lazima avizoee. Hakuna mtoto anayelia, hakuna kengele ya mlangoni, hakuna lifti, hakuna milango ya duka inayofunguka yenyewe. Mbwa aliyekulia ndani anaweza kutii amri nyingi kwa usahihi wa kushangaza, halafu akagoma kabisa mbele ya mashine ya kusagia kahawa. New York, ambako shirika la namna hiyo liitwalo Puppies Behind Bars lilianzishwa mwaka 1997, nako wanao watu wa kuwatoa mbwa nje kwa sababu hiyo hiyo, na nchini Japani gereza la Shimane Asahi huwapa familia za jirani mbwa wachanga wa kuwaongoza vipofu wakati wa mwisho wa wiki. Mbwa wenu amekwisha kukua na kuzoea nyumba, kwa hiyo shida hiyo haimhusu sana, lakini ni vyema mjue kwamba mnaporudi naye yapo mambo atakayohitaji kukumbushwa taratibu.

Kuhusu kuagana, ni kweli kwamba huumiza. Mimi na anayemfunza mbwa ninayemchukua hatujuani kwa sura, ila tunaandikiana taarifa zinazokwenda na mbwa: alikula nini, aliogopa nini, alilala vipi. Kutokana na maandishi hayo nimeona jinsi mtu anavyojiandaa kwa siku ya mwisho tangu siku ya kwanza, akihesabu kila jambo jipya ambalo mbwa ameliweza, kwa kuwa anajua kwamba akishaliweza lote ataondoka. Wapo wanaolia, na wapo wanaoomba kupumzika kabla ya kupewa mwingine. Lakini, mwanangu, huzuni ya kumkabidhi kiumbe uliyemlea vizuri ni huzuni ya mtu mwenye hadhi, na huko ndani ni vitu vichache sana vinavyompa mtu nafasi ya kuwa na huzuni ya namna hiyo. Msimnyime kwa kumhurumia. Mnaloweza kumfanyia ni kumpelekea habari kupitia ofisi ya mpango, mkieleza mbwa anaendeleaje, kwa sababu kinachowatesa wengi wao ni kutojua.

Nitaongeza jambo moja kwa ajili ya wanaosoma tu. Utasikia ikisemwa kwamba wafungwa wanaofunza mbwa hawarudi gerezani, kana kwamba mbwa ni dawa. Tusisahau kwamba wanaokubaliwa katika mipango hii huwa tayari ni watu wenye mwenendo mzuri, na huenda wengi wao wasingerudi hata bila mbwa. Mimi ninaiunga mkono kazi hii kwa moyo wote, na ndiyo sababu sipendi itetewe kwa madai ambayo mtu akiyachunguza yatapungua.

Mstaafu_Magereza amejibu:

Nimesoma kwa makini sana. Nilitumikia Jeshi la Magereza Tanzania hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika magereza ya mashamba, ambako wafungwa walikuwa wakitunza ng'ombe na mbuzi. Sijawahi kuona mbwa akilelewa ndani ya chumba cha mfungwa, lakini mfungwa na mnyama nimewaona kwa karibu, na kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa.

Gerezani neno la mfungwa ndilo neno la mwisho kusikilizwa. Akisema anaumwa, kwanza hushukiwa kwamba anakwepa kazi. Sasa mnyama hasemi. Anayejua kwamba hakula vizuri tangu jana, au kwamba kinyesi chake kimebadilika, ni yule anayekaa naye, yaani mfungwa. Katika shamba moja nililofanyia kazi, mfungwa aliyekuwa akichunga aliripoti kwamba ndama fulani amejitenga na wenzake na pumzi yake si ya kawaida, na askari wa zamu hakulitilia maanani kwa kuwa aliyesema alikuwa mfungwa. Ndama alikufa, na aliyelia ni yule yule aliyeripoti. Baada ya hapo mkuu wa gereza alitoa amri kwamba taarifa yoyote ya mfungwa kuhusu afya ya mnyama iandikwe katika daftari saa ile ile na afisa mifugo ajulishwe, na ninaweza kushuhudia kwamba amri hiyo iliwabadilisha watu wengi zaidi ya ilivyowasaidia ng'ombe. Mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemwamini alianza kuona kwamba akisema jambo, watu wazima wanainuka na kwenda kutazama.

Kwa hiyo, kijana wangu Baba Neema, kwenye orodha ya maswali aliyokupa wakili ongeza hili: mwanamke anayemtunza mbwa wangu akisema mbwa haonekani vizuri, anamwambia nani, na daktari huitwa baada ya muda gani? Mahali ambapo neno lake linaaminiwa, mbwa wako yuko salama na yeye pia ananufaika. Mahali ambapo lazima asubiri hadi mtu wa nje aone kwa macho yake, usimwache mbwa hata usiku mmoja.

Nimeulizwa pembeni na kijana mmoja kama jambo hili lingefaa kuletwa Segerea au Lang'ata. Kwa maoni yangu, si kwa sasa. Magereza yetu yana msongamano, na mbwa anayelala katika chumba kilichojaa watu wasio na nafasi ya kujinyoosha ataleta chuki badala ya faraja, na chakula chake kitaonewa wivu kwa haki kabisa. Kwetu tungeanza na mifugo ambayo magereza tayari yanayo, tukawapa wafungwa vyeti vya kweli vya utunzaji na tiba ya awali ya mifugo ambavyo mfugaji wa Dodoma au Nakuru angevithamini. Kazi tunayo tayari. Kinachokosekana ni cheti.

BabaNeema_Tacoma amejibu:

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante sana; swali lako limekuwa la kwanza katika karatasi yetu. Mama Aisha, mke wangu anakuamkia na anasema amepata amani. Tumekubaliana kwamba nitapiga simu Jumatatu na kuuliza yote, na majibu yakituridhisha tutampeleka mbwa kwa usiku mmoja au miwili ya majaribio kabla ya safari yenyewe, ili azoee na sisi tuone. Wasipokuwa na nafasi tutamwomba jirani yetu, na mafunzo yatasubiri Februari. Dada wa kliniki, nina ombi moja la mwisho: kama tutaridhika na kazi, kuna namna ya kumpa mkufunzi barua ya kumsaidia baadaye, au kanuni zinakataza?

Dada_Kliniki amejibu:

Usiku wa majaribio ni wazo jema sana. Mpeleke na chakula chake mwenyewe, kwa sababu mbwa wengi huharisha wakibadilishiwa mazingira na chakula kwa pamoja, kisha lawama ikaangukia watu wasiohusika.

Barua inawezekana, lakini isielekezwe kwa mfungwa moja kwa moja wala isiwe na anwani au nambari yako ya simu. Iandikie ofisi ya mpango, uombe iwekwe katika jalada la mwanamke aliyemhudumia mbwa wako ili apewe nakala anapotafuta kazi. Usiandike kwamba ni mtu mwema na unamwombea heri, ingawa ni kweli. Andika aina ya mbwa na uzito wake, tatizo alilokwenda nalo, muda aliokaa, na kile ulichokiona akikifanya siku ulipomchukua ambacho hakuweza kabla, pamoja na jinsi ulivyoelekezwa wakati wa makabidhiano. Nimewahi kukaa upande wa mwajiri tukichagua mfanyakazi wa kuogesha mbwa katika kliniki yetu, na barua ya namna hiyo, yenye tarehe na sahihi ya mteja, tuliisoma kabla ya kuifungua fomu yenye kisanduku cha rekodi ya jinai.